Mbweha wamezaa chini ya kibanda cha bustani yetu London. Tufanyeje?

Swali: Nimepanga nyumba Barking, mashariki ya London, mimi na mume wangu na watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miezi minane. Januari tulisikia mayowe usiku mpaka tukataka kupiga simu polisi. Sasa ni Mei, na kila alfajiri naona vitoto vinne vya mbweha vinacheza kwenye nyasi zetu. Mama yao amezaa chini ya kibanda cha vifaa. Wametuibia kandambili, wamefukua vyungu vya maua, na kinyesi chao kinanuka. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, huwatupia mifupa ya kuku. Mume wangu anasema watiliwe sumu kwenye nyama, kama walivyokuwa wakifanyiwa mbwa koko kwetu. Mimi naogopa kichaa cha mbwa, na roho yangu iko kwa watoto. Tena nilikuwa na nia ya kufuga kuku wawili watatu. Halmashauri hawawezi kuja kuwachukua?

Jibu: Dada yangu, nianze na la mume wako, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja. Sumu asitie. Sheria ya Uingereza hairuhusu kumwekea mbweha sumu ya aina yoyote, hata akiwa ndani ya ua wako mwenyewe, na anayekamatwa hukabiliwa na faini au hata kifungo. Ipo pia sheria ya mwaka 1996 ya kuwalinda wanyama pori dhidi ya ukatili, inayokataza kuwachoma, kuwazamisha, kuwapiga au kuwakosesha pumzi. Kwa hiyo kuliziba tundu la kibanda hali mama na watoto wamo ndani nako ni kosa. Na hata tukiiweka sheria kando, nyama yenye sumu haichagui mlaji. Paka wa jirani ataila, kalunguyeye ataila, na wewe una mtoto wa miaka mitatu anayeokota kila kilicho chini. Mbweha mwenyewe akila, ataenda kufia chini ya sakafu ya kibanda, na mtakaa na uvundo huo kiangazi kizima.

Halmashauri hawatakuja. Hakuna sheria inayowalazimisha kudhibiti mbweha, na kwa jumla kazi hiyo wameshaiacha. Zamani waliifanya. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita mbweha wa London waliuawa kwa fedha za umma, na bado walizidi kuonekana. Sababu utaiona ukijua wanavyoishi. Kila familia ina eneo lake: dume, jike, na mara nyingi binti mmoja au wawili wa uzazi uliotangulia ambao hubaki nyumbani na kusaidia kulea. Mipaka yao wanaitia alama kwa mkojo na kinyesi. Kuanzia Septemba hivi, vijana waliozaliwa mwaka huo huanza kutawanyika, wanapita bustani hadi bustani wakitafuta pa kukaa, na wakikuta mahali hapana harufu ya mwenyewe, wanahamia. Ukimwondoa huyu wako leo, mwaka hautaisha kabla hujapata mwingine. Yapo makampuni yatakayokuja na mtego na kukutoza pesa nzuri kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu pesa hiyo heri umnunulie mwenye nyumba wavu wa kuzungushia kibanda, nitaeleza hapo mbele.

Akitokea mtu wa kukwambia atawakamata na kwenda kuwaachia mashambani, mkatalie. Wengi wetu tunadhani mbweha wa London wamepotea njia kutoka msituni. Hawakupotea. Walianza kuingia vitongojini tangu miaka ya 1930, zilipojengwa zile nyumba za pacha zenye bustani ndefu kuuzunguka mji. Huyo aliye chini ya kibanda chako ni mzaliwa wa mjini, na mama yake vilevile. Ukimtupa porini, katika eneo la mbweha wengine, hajui pa kulala wala pa kula, mara nyingi unamtuma akafe polepole mbali na macho yako.

Sasa kichaa cha mbwa. Hofu yako naielewa na kwetu ni hofu ya haki kabisa. Lakini Uingereza kichaa kwa wanyama wa nchi kavu kiliisha mwaka 1922, na mbweha wa London hawana ugonjwa huo. Wanaobaki na kirusi cha ukoo huo ni baadhi ya popo, basi popo aliyeanguka chini usimshike kwa mkono mtupu. Ulaya bara ilikuwa hadithi nyingine, maana huko mbweha ndio waliokuwa wabebaji wakubwa. Uswisi ikaanza mwaka 1978 kutawanya vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo ndani, mbweha wakawa wanajichanja wenyewe kwa kula, na kwa njia hiyo, baadaye kwa vidonge vya chambo vilivyodondoshwa kwa ndege, sehemu kubwa ya Ulaya magharibi ikasafishika. Wasomaji wetu walioko Oman wasilichukue jibu hili kuwa lao: huko mbweha bado ni mbebaji wa kichaa, na akikuuma ni kukimbilia hospitali. Na wewe mkienda likizo Mombasa au Dodoma, akiumwa mtoto na mbwa au bweha, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha nendeni mkapate chanjo siku ile ile. Hapo Barking, mbweha akimuuma mtu, osha vivyo hivyo na umwone daktari, kwa ajili ya pepopunda na usaha wa kawaida wa jeraha la meno.

Je, ataumiza watoto? Nitakwambia yaliyowahi kutokea, kwa sababu utayasikia tu. Juni 2010, huko Hackney, London hiyo hiyo, mbweha aliingia ndani ya nyumba usiku wa joto, mlango wa nyuma ukiwa wazi, akawajeruhi watoto pacha wa miezi tisa waliokuwa wamelala kitandani. Februari 2013, Bromley, nako ni London, mtoto mchanga aling'atwa kidole. Watoto wote walipona. Matukio ya namna hiyo ni machache mno kiasi kwamba kila moja liliandikwa magazetini kwa wiki nzima, ilhali maelfu ya watu England hulazwa hospitalini kila mwaka kwa kuumwa na mbwa wa kufugwa na hakuna anayeshangaa. Ila mimi sikwambii upuuze. Funzo ni dogo na la wazi: mlango wa nyuma na madirisha ya chini yafungwe jua likizama, hata kukiwa na joto, na mtoto wa miezi minane asiachwe peke yake bustanini, iwe amelala kwenye gari lake au ameketi kwenye mkeka.

Mbweha mzima ana uzito wa kilo tano hadi saba. Si mkubwa kuliko paka mnene kwa mbali. Miguu mirefu na manyoya ndiyo yanayomkuza. Akisimama akakukodolea macho hakutishi. Anapima wewe ni mtu wa aina gani, utamfuata au utampa kitu. Mpe jibu la wazi: piga makofi, paza sauti, piga hatua mbili tatu kumwelekea, na umwachie njia ya kutokea. Mfundishe na mwanao wa miaka mitatu mambo mawili tu, kwamba hatumgusi na hatumpi chakula. Na usiingiwe na wasiwasi ukimwona mchana kweupe. Mwezi huu jike ana vinywa vinne vya kulisha na saa za usiku hazimtoshi. Kutembea mchana si dalili ya ugonjwa.

Tuje kwenye kibanda, ambako ndiko kwenye kazi hasa, na huko kalenda ndiyo inayoamua kila kitu.

Yale mayowe ya Januari ndiyo yalikuwa mwanzo. Jike hushika joto mara moja tu kwa mwaka, na siku zenyewe za kupata mimba ni kama tatu. Ndiyo maana mji mzima wa mbweha hupiga kelele kati ya Desemba na Februari: wanaitana, wanagombana, dume hamwachi jike wake hatua moja. Mimba ni siku 52 au 53, kwa hiyo watoto wengi huzaliwa Machi, kwa kawaida wanne au watano. Wakizaliwa hawaoni wala hawasikii, manyoya yao ni ya kahawia iliyokoza, na macho yakifumbuka huwa ya buluu. Wiki za kwanza mama hawezi kuwaacha, hawawezi hata kujipasha joto. Dume ndiye anayeleta chakula mlangoni. Mwisho wa Aprili wanaanza kutoka nje. Hao unaowaona wewe alfajiri sasa wana kama miezi miwili, pua zimeanza kurefuka, wekundu umeanza kutokea usoni, na wanakula nyama.

Maana yake kwako ni kwamba umewakuta katika wiki za mwisho za kukaa pamoja tunduni. Kufika mwishoni mwa Juni familia nyingi zinakuwa zimeliacha shimo, watoto wanalala vichakani na kwenye majani marefu, kila mmoja pake. Ukiweza kuvumilia wiki sita, saba, shughuli itajimaliza yenyewe bila kumuudhi mtu. Hiyo ndiyo njia ninayokushauri, na kwa nyumba yenye watoto wadogo sioni hatari ndani yake ilimradi mlango unafungwa na watoto wako wanacheza bustanini ukiwepo.

Usipoweza kuvumilia, ipo njia ya kumkera mama mpaka ahame mwenyewe. Mbweha jike huwa na mashimo ya akiba, na akiona pale hapana utulivu tena atawahamishia watoto kwingine usiku, wadogo akiwabeba mdomoni, hawa wako wakimfuata kwa miguu. Weka karibu na tundu nguo aliyofanyia kazi mume wako siku nzima, isifuliwe, ubadilishe kila siku. Washa redio ya maneno ndani ya kibanda mchana, kwa sauti ya chini. Ingieni na kutoka mara kwa mara, sogezeni vitu. Siku tatu nne kwa kawaida zinatosha. Usimwage dizeli, wala kriosoti (ile dawa ya kupaka mbao), wala dawa kali ya choo. Kwanza unachafua udongo wanaochezea wanao, pili sheria hairuhusu kutumia kitu kisichoidhinishwa kufukuzia wanyama. Zipo dawa za unga zilizoidhinishwa, zinauzwa kwenye maduka ya bustani. Hizo zina kazi yake mahali wanapokojoa, si penye tundu lenye watoto.

Wakishaondoka, au ukidhani wameondoka, usifunge tundu siku hiyo. Sokota magazeti, yachomeke mlangoni bila kukaza, kisha angalia kila asubuhi. Mnyama aliyemo ndani au anayerudi atayasukuma. Yakikaa hivyo hivyo siku tano, sita bila kuguswa, ndipo uamini pamekuwa patupu. Wakati mzuri kabisa wa kuziba ni Septemba hadi Desemba, kwa sababu Januari na Februari jike anaanza tena kukagua mashimo, na kibanda chako tayari kiko kwenye orodha yake.

Namna ya kuziba: mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, maana umepanga, na kibanda ni chake. Chimba mfereji kuzunguka kibanda wa kina cha sentimita 30 hivi. Simamisha wavu wa chuma uliochomelewa, ule mgumu wa matundu madogo, upigiliwe kwenye mbao za chini za kibanda, na mwisho wake wa chini uukunje kuelekea nje, chini ya udongo. Mbweha huchimba pale pale anapokuta kizuizi; harudi nyuma nusu mita kuanza upya, kwa hiyo hilo kunjo litamkwamisha. Usiache mwanya unaopitisha ngumi. Mwembamba yule anapenya sentimita 10 au 12, na ukuta wa mbao wa mita mbili anaupanda kwa kucha, kwa hiyo usipoteze pesa kuinua uzio wa bustani nzima.

Nije kwa jirani. Wewe umetaja habari zake kama jambo dogo la pembeni, lakini mimi nadhani tabia za mbweha wako ni kazi ya mikono yake. Mbweha wa mjini anakula karibu kila kitu: panya, njiwa, mbawakawa, matufaha yaliyoanguka, mkate, mabaki ya chipsi na kuku wa barabarani. Usiku wa mvua anakula nyungunyungu, na ukipata bahati ya kumwona akiwatafuta utamtazama vizuri zaidi. Anatembea taratibu juu ya nyasi fupi, masikio yameinamishwa chini. Akisikia mchakacho wa yule mdudu anainamisha shingo, anamdaka ncha kwa meno ya mbele, halafu havuti kwa pupa. Anamkaza tu, anangoja kidogo, na anamtoa mzima bila kumkata, kwa kuwa nusu nyingine ikibaki tunduni ameipoteza. Vile vishimo vidogo vya umbo la pia unavyoviona kwenye nyasi ni kazi hiyo hiyo, pamoja na kutafuta viwavi walio kwenye mizizi.

Mnyama wa namna hii hafi njaa kwa kukosa mifupa ya jirani. Ila akiipata ataizoea saa yake na atakuja mapema kuingoja. Na kilichozidi hakiachi. Mbweha akishiba anafukia akiba, na udongo laini anaoupenda ni ule wa vyungu vyako. Chungulia ndani ya vyungu vilivyofukuliwa, ninakuwekea dhamana utakuta mfupa. (Kama mlitia mbolea ya unga wa mifupa au ya damu, hiyo nayo inamwita, anadhani kuna mzoga chini. Badilisha.) Mwaka 2011 mbweha mmoja alikutwa ghorofa ya 72 ya Shard, lile jengo refu la London, likiwa bado linajengwa. Alipanda ngazi mpaka huko juu na kuishi kwa mabaki ya chakula cha mafundi. Ukilijua hilo, hutashangaa yule wako kuvuka ukuta wa matofali kufuata paja la kuku.

Mimi si adui wa wanaowalisha. Mtu mzima anayeishi peke yake, ambaye mgeni wake wa jioni ni mbweha, sitamwita mjinga, na kumlisha mnyama pori kwenye bustani yako mwenyewe Uingereza si kosa la jinai. Nenda kaongee naye kama jirani, usiende kama mshtaki. Mwambie una mtoto anayetambaa na unakuta mifupa kwenye udongo. Mwombe afanye hivi: kidogo sana, kinachomalizika papo hapo, kwenye sahani upande wa mbali wa bustani yake, saa ya giza, na sahani iondolewe baada ya hapo. Mifupa aache. Na zaidi ya yote asimlishe kwa mkono, wala mlangoni. Mbweha aliyezoea mkono wa mama huyo hajui kwamba mkono wako hauna kitu. Atausogelea vilevile, na mkono wa mwanao pia. Karibu kila mara ninapoitwa kwa habari ya mbweha "jeuri" aliyeingia jikoni, nakuta nyumba ya pili au ya tatu kuna mtu anayemlisha mlangoni.

Upande wako, pipa la taka liwe na kifuniko kinachofunga, mifuko isikae nje usiku, kile kindoo cha mabaki ya chakula kikazwe mkono wake mbele kama kilivyotengenezwa kukazwa. Mkichoma nyama nje, chini pafagiliwe na jiko lisafishwe usiku ule ule. Chakula cha ndege kiwe kwenye kitu cha kuning'inia. Ukitaka kuongeza silaha, nunua kile kifaa cha kunyunyiza maji kinachojiwasha kikihisi kitu kinapita. Vile vya sauti isiyosikika na watu vinauzwa kwa maneno mengi, ila matokeo yake hayatabiriki. Maji yanafanya kazi, hasa ukikihamisha kifaa kila baada ya siku chache ili mbweha asijifunze pembe yake.

Kinyesi utakijua kwa ncha yake iliyosokotwa kama uzi, na ndani kuna manyoya, vipande vya mifupa, mbegu. Anakiacha makusudi mahali pa kuonekana, juu ya jiwe, juu ya kiatu, juu ya mwanasesere. Ndani yake huweza kuwamo mayai ya minyoo ya mbwa, na haya mtoto akiyala pamoja na udongo yanaweza kumdhuru, kwa nadra hata macho. Bahati nzuri mayai yakiwa mabichi hayaambukizi. Yanahitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo ndipo yakomae. Ukiokota kila asubuhi kwa mfuko, ukafunga na kutupa kwenye pipa, umemaliza karibu hatari yote. Sanduku la mchanga la watoto lifunikwe, na mikono ioshwe kabla ya kula. Na mbweha akilamba kiatu, kama nanyi ni watu wa swala, namna ya kukitoharisha mwulizeni sheikh wenu, mimi fani yangu inaishia kwenye minyoo. Kandambili zilale ndani. Vitoto vinapenda ngozi na mpira wenye jasho, wanatafuna wakati meno yanabadilika, na zilizopotea mtazikuta nyuma ya kibanda au bustani ya tatu.

Neno moja kuhusu sura yao. Mtamwona mama huyo kuanzia sasa mpaka kiangazi amechakaa, manyoya yananyonyoka mafungu mafungu, mkia umekonda. Usikimbilie kusema mgonjwa. Anabadilisha koti la baridi, na kunyonyesha kumemmaliza. Upele ndio ugonjwa wenyewe wa kuogopwa: ngozi inabaki wazi kuanzia mkiani na mapajani, ina magamba, mnyama anajikuna bila kupumzika na macho yanaziba. Mwaka 1994 upele uliingia Bristol, mji uliokuwa na mbweha wengi kuliko karibu mji wowote Uingereza, na ndani ya miaka michache uliua zaidi ya asilimia 90 yao. Ukimwona mwenye dalili hizo, au aliyegongwa na gari, wasiliana na RSPCA, shirika la kutetea wanyama, au The Fox Project, shirika linaloshughulika na mbweha kusini-mashariki ya England. Dawa usimtilie wewe kwenye chakula, kwa maana hujui nani atakila.

Na kuku? Unaweza kuwafuga hata mtaa ukiwa na mbweha, ila si kwa mtindo wa kwetu wa kuwaacha wakipekua uani mpaka magharibi. Kwanza soma mkataba wako, mikataba mingi ya upangaji inakataza mifugo. Ukiruhusiwa, usinunue ule wavu mwepesi wa pembe sita unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku. Unamzuia kuku asitoke, mbweha anaukata kwa meno. Nunua ule ule mgumu uliochomelewa, uufukie na kuukunja nje kama kwenye kibanda, na juu uezeke pia. Mlango uwe na makomeo mawili, si ndoano ya kuning'iniza. Kuku waingie kabla ya giza, na wasitolewe alfajiri na mapema, hasa Aprili hadi Juni. Mbweha akiingia bandani ataua wote, hata kama atabeba mmoja. Watu husema anaua kwa starehe. Ukweli ni kwamba porini ndege wengine wangeruka, yeye akabaki na mmoja. Bandani hawana pa kurukia, na yeye anaendelea kukamata kwa nia ya kurudi kuwafukia mmoja mmoja, isipokuwa wewe unatokea kabla hajamaliza.

Wanao wakiwa wadogo hivi, na jike huyu akiwa bado chini ya kibanda, ningengoja mpaka mwaka ujao, wavu ukiwa umeshakaa. Kabla ya kuwaleta waandikishe: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 England na Wales kila mwenye ndege wa kufugwa lazima aandikishwe serikalini, hata akiwa na kuku mmoja, na ni bure. Ni kwa ajili ya mafua ya ndege, na yakilipuka huweza kutolewa amri ya kuwafungia ndani, sababu nyingine ya kuezeka banda tangu mwanzo. Na lile la kuwamwagia kuku ukoko na mabaki ya wali halipo huku. Chakula chochote kilichopita kwenye jiko linalopika nyama au maziwa ni marufuku kupewa kuku, hata wale wa kufuga nyumbani. Wape chakula cha dukani kwenye chombo cha kuning'inia, mchicha na sukuma ukikata bustanini uwapelekee moja kwa moja bila kupitia jikoni, na jioni chombo kiingie ndani pamoja nao.